Trela Lililogoma Mchangani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja

Gari ni pikapu ya dizeli ya milango minne, foo-wili, gia otomatiki. Pamoja na watu wawili na vyombo vyao ina uzito wa tani 2.6 hivi. Nyuma yake inavuta trela la kupigia kambi: ekseli moja, hema linalokunjuliwa juu, jiko la kuvuta ubavuni, tangi la maji la lita 100 chini ya sakafu, na sanduku la chuma mbele, juu ya mkono wa trela, ule unaounganishwa na gari. Likijazwa, trela linafika kilo 1,400. Njia ni ya mchanga mtupu, kilomita 14 kutoka barabara ya changarawe hadi uwanja wa kambi. Saa nane mchana, kwenye kilomita ya sita, mguuni mwa kilima kifupi cha mchanga, safari imesimama. Matairi ya nyuma ya pikapu yamezama hadi kwenye vitovu, na trela limelalia tumbo.

Kisa ni cha mfano. Nimekiunga kutokana na makosa yanayojirudia kila gari na trela vinapokutana na mchanga, na namba nimeziweka ili hesabu zifuatike. Ndani ya gari kuna ndugu wawili. Mkubwa anaendesha, mdogo ndiye anayeshuka.

Wengi wakisikia habari ya aina hii huuliza kwanza juu ya gari: injini ya lita ngapi, difu (gia zilizo katikati ya ekseli) inafungwa au haifungwi, matairi ya aina gani. Mimi huanzia nyuma. Pikapu hii peke yake ingepanda kile kilima bila taabu, na baadaye ilipanda. Kilichogoma ni trela, na pikapu ikajizika kwa kulazimishwa kuvuta kitu kisichotaka kwenda. Karibu kila uamuzi wa siku ile ulifanywa kwa ajili ya gari. Trela lilichukuliwa kuwa mzigo unaofuata tu.

Upepo ulioachwa nyuma

Walipofika mwisho wa changarawe walisimama, jambo ambalo wengi hawalifanyi. Waliweka foo-wili, wakapunguza upepo wa matairi manne ya gari kutoka psi 38 hadi 20, wakasimamisha kijibendera kirefu juu ya gari ili wanaotokea upande wa pili wa vilima wawaone. Matairi mawili ya trela yakabaki na psi 40, kama yalivyotoka barabarani.

Hawakusahau. Mdogo aliuliza, na mkubwa akajibu kwamba matairi ya trela hayasukumwi na injini. Yanabingirika tu, hayana haja ya kushika chini, sasa ya nini kupoteza muda kuyatoa upepo na kuyajaza tena? Hoja hii utaisikia popote, na inadumu kwa sababu nusu yake ni kweli. Ni kweli hayasukumwi. Lakini kupunguza upepo mchangani si kwa ajili ya kushika peke yake. Kazi yake kubwa ni kuzuia tairi lisizame.

Tazama hesabu. Kwa makisio, mgandamizo ambao tairi linaupa ardhi hauko mbali na upepo uliomo ndani yake, ukiongeza kidogo kwa ugumu wa mpira wenyewe. Trela la kilo 1,400, ukiondoa uzito unaobebwa na gari kwenye maungio, linaacha kama kilo 600 kwa kila tairi. Kwa psi 40, ambazo ni kama kilo 2.8 kwa kila sentimita mraba, tairi linahitaji kugusa chini kwa sentimita mraba 210 hivi, yaani eneo linalozidi kidogo tu kiganja cha mtu mzima kilichofunguliwa pamoja na vidole vyake. Kwa psi 18 eneo hilo linakuwa zaidi ya mara mbili. Na linakua hasa kwa urefu: tairi lililopunguzwa upepo halitanuki sana kando, linajinyoosha mbele na nyuma. Tairi refu namna hiyo hupita juu ya mchanga. Tairi gumu huukata, na likishaukata linakuwa na ukuta mdogo wa mchanga mbele yake muda wote. Hilo ndilo linalolemea. Trela linapanda kilima kisichoisha, hata mahali ambapo macho yanaona tambarare.

Kwenye lami, nguvu ya kulibingirisha trela kama hili ni kama asilimia moja na nusu ya uzito ulio juu ya magurudumu yake, yaani chini ya kilo 20. Mtoto mkubwa anaweza kulisukuma. Kwenye mchanga tifutifu, matairi yakiwa magumu, kiasi hicho hufika asilimia 20 hadi 30. Chukua 25: ni kilo 300 zinazovuta nyuma bila kupumzika. Ongeza mwinuko wa nyuzi 5 tu na kilo 120 nyingine zinaingia. Pikapu nayo ina mchanga wake wa kupambana nao, na kitu pekee kinachoisaidia ni mshiko wa matairi yake manne juu ya ardhi inayokimbia.

Kuna na wanaosema tairi jembamba lenye upepo mwingi ni bora kwa sababu "linakata mpaka chini kwenye ugumu". Kwenye matope mepesi yaliyofunika ardhi ngumu, hoja ina maana. Kwenye mchanga mkavu wenye kina cha mita moja, hakuna chini ya kufikia. Trela litaendelea kuutafuta ugumu huo hadi ekseli ilale juu ya mchanga.

Tatizo hapa lilizidishwa na umbo la trela lenyewe. Matairi ya pikapu yana upana wa milimita 265. Ya trela ni 185, na rimu zake ni ndogo. Gurudumu dogo huzama na kukwama mapema kuliko kubwa lenye mzigo uleule. Tena nafasi kati ya magurudumu ya trela ni finyu kuliko ya gari kwa sentimita 11. Maana yake trela halifuati mifuo ambayo gari imekwisha kuishindilia. Kila gurudumu linatembea sentimita tano na nusu ndani zaidi, juu ya ukingo wa mfuo, likiubomoa ukingo huo mita baada ya mita. Faida kubwa ya kupita nyuma ya gari, ya kukuta mchanga uliokwisha kukandamizwa, inapotea. Anayenunua trela kwa ajili ya njia za mchanga, kabla ya kutazama jiko na taa, achukue futi ya kupimia na kulinganisha upana huu. Ningekubali trela lenye hema bovu lakini magurudumu yanayofuatana na ya gari langu.

Kilomita tano za kudanganyika

Mwanzo wa njia ulipita bila shida, na huo ndio mtego. Mchanga wa mwanzoni ulikuwa umepitiwa na magari mengi, umeshikana, na pikapu ilikwenda kwa gia za juu za foo-wili huku dereva akijisifu kimoyomoyo. Dalili zilikuwepo kwa anayesikiliza. Injini ilikuwa ikipiga mizunguko mingi kuliko mwendo unaopatikana, gia ikiteremka yenyewe kila baada ya muda, na mshale wa joto umeanza kunyanyuka. Gia otomatiki ikifanya kazi nzito kwa mwendo mdogo katika gia za juu hupoteza nguvu nyingi ndani ya mafuta yake, na nguvu hiyo inageuka joto. Mahali pake palikuwa gia za chini za foo-wili, zile za nguvu nyingi na mwendo mdogo, tangu mwanzo, namba ya pili au ya tatu, injini izunguke kwa utulivu. Wengi huzihifadhi gia za chini kama dawa ya dharura. Kwa mwenye trela mchangani, hizo ndizo gia za safari.

Kilima kilikuwa kifupi, mita 30 hivi. Katikati ya kupanda, mwendo ulianza kufa. Hapa pana sekunde mbili au tatu zinazoamua kama mtu atachimba kwa dakika kumi au kwa saa mbili. Gari likipungua mwendo huku matairi yakianza kukwangua, mguu unatakiwa uondoke kwenye mafuta mara moja, bila kugusa breki, ili gari lisimame lenyewe juu ya mchanga. Ukikanyaga breki, kila tairi linajijengea kituta mbele. Ukizidi kukanyaga mafuta, matairi yanageuka majembe.

Dereva alizidi kukanyaga mafuta. Simlaumu sana, mwili wote unamwambia mtu kwamba bado kidogo tu. Mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza nao ulikuwa haujazimwa, kwa hiyo mara unanyima nguvu, mara unaachia, na pikapu ikawa inarukaruka mahali pamoja. Sekunde chache hizo ziliyashusha matairi ya nyuma sentimita 20.

Kurudi rivasi

Akaweka rivasi. Wazo ni sahihi kabisa: ukikwama unapanda, njia uliyokuja nayo imekwisha kushindiliwa, na mteremko uko upande wako. Gari lisilo na trela mara nyingi hutoka hivyo.

Pikapu ilirudi kama mita moja ikasimama. Akaenda mbele nusu mita, akarudi tena, akaongeza mafuta. Ekseli ya nyuma ikaanza kudunda. Trela likajikunja upande, mkono wake ukaelekea kwenye kona ya bampa. Mdogo alikuwa ameshuka, amesimama upande wa kushoto mbali na matairi, na kile alichokiona hakionekani kwenye kioo chochote cha dereva. Nyuma ya kila gurudumu la trela palikuwa na rundo la mchanga lililofika nusu ya tairi, na rundo lilikuwa likisukumwa zima zima, kama mbele ya tingatinga. Nati za gurudumu zilikuwa palepale, moja juu, moja chini.

"Kaka, simama! Magurudumu ya trela hayazunguki kabisa!"

Hapo ndipo penye kiini cha kisa. Breki za trela hili ni za msukumo. Hakuna waya wa umeme wala mrija wa mafuta unaotoka kwenye gari kwenda kwenye breki. Maungio yenyewe yanaingia ndani kama bomba ndani ya bomba: gari likipunguza mwendo, trela linalisukuma kwa nyuma, bomba linaingia, na kuingia huko kunavuta waya wa breki. Ni ufundi rahisi, wa bei nafuu, na barabarani unafanya kazi. Lakini chuma hakijui tofauti kati ya trela linalosukuma gari na gari linalosukuma trela. Ukirudi rivasi, gari linasukuma maungio, bomba linaingia, breki zinashika. Kwenye sakafu ngumu trela hurudi hata hivyo, kwa sababu linasogea kirahisi na msukumo unaohitajika ni mdogo. Mchangani linakataa kusogea, kwa hiyo dereva anasukuma zaidi, na kadiri anavyosukuma ndivyo breki zinavyokaza. Mafuta yote aliyokanyaga yalikuwa yanafunga breki za trela lake mwenyewe.

Matrela mengi mapya yenye breki za aina hii yana viatu vya breki vinavyojilegeza gurudumu likizunguka kinyumenyume. Ya zamani, kama hili, yana kipande cha chuma au pini juu ya maungio ambayo mtu anashuka na kuigeuza kwa mkono ili bomba lisiingie. Kilikuwepo. Kilikuwa na rangi ya kiwandani bado, hakijawahi kuguswa.

Kwa wenye breki za umeme shida hii haipo, ila iko nyingine: nguvu ya breki iliyopimwa kwa ajili ya lami itayafunga magurudumu ya trela mchangani kwa mguso mdogo tu wa pedali. Ishushwe kabla ya kuingia.

Uzito uliokaa pabaya

Mdogo alipofungua sanduku la mbele alikuta jenereta, madumu mawili ya mafuta yaliyojaa na sanduku la vifaa. Vyote vizito, vyote mbele ya ekseli. Kanuni ya kawaida ni kwamba maungio yabebe kama asilimia 10 ya uzito wa trela, yaani kilo 140 kwa hili. Kwa mpangilio ule yalibeba kilo 210.

Kilo 70 za ziada zinaonekana kitu kidogo hadi ukumbuke kwamba zinaning'inia nyuma ya ekseli ya gari. Maungio yako mita 1.2 nyuma ya ekseli, na kati ya ekseli mbili za pikapu pana mita 3.1. Kilo 210 mahali hapo zinaipunguzia ekseli ya mbele kilo 80 na kuiongezea ya nyuma 290. Matairi ya mbele, yanayotakiwa kuelekeza na kuvuta, yamepungukiwa uzito. Ya nyuma, ambayo tayari yanabeba mzigo wote ulio kwenye bodi ya pikapu, yanazama kabla ya wakati. Ndiyo maana ni ya nyuma yaliyofika kwenye vitovu.

Msomaji asije akakimbilia upande wa pili na kupakia vyote nyuma ya trela. Mkono ukiwa mwepesi mno, trela linayumba barabarani kwa mwendo wa kasi, na kuyumba huko kumegeuza magari mengi. Vizito vikae juu ya ekseli, chini, karibu na sakafu.

Msaada ulioletwa na mpita njia

Gari lingine lilitokea nyuma yao. Dereva wake, mtu mwema mwenye haraka, akatoa mkanda wa kunyumbuka, ule unaovutika kama mpira na kurusha gari nje ya shimo. Akapendekeza kupita kando, kusimama juu ya kilima, kuutia kwenye kichwa cha kuungia trela nyuma ya gari lake, na upande wa pili kwenye pete ya chuma chini ya bampa la mbele la pikapu. Mvuto mmoja na mambo yameisha.

Pete zile ni za kufungia gari likiwa juu ya meli au lori la kubebea magari. Hazikutengenezwa kuvutia. Na kichwa cha kuungia, lile tufe la chuma, kimepimwa kwa mzigo unaovutwa taratibu, si kwa mshtuko. Mafundi wa uokoaji wa magari ya kijeshi wana kanuni ya makisio: gari lililozama hadi kwenye magurudumu linahitaji nguvu iliyo sawa na uzito wake wote ili lisogee. Hapa ni tani 4, gari na trela, na mkanda wa kunyumbuka ukivutwa kwa kasi unaweza kupita hapo kwa kufumba na kufumbua. Shingo ya tufe ikikatika, kinachoruka ni kipande cha chuma kilichofungwa kwenye mpira ulionyooshwa, na kinaruka kuelekea kioo cha mbele. Watu wamekufa hivyo. Katika mambo yote ya safari za mchangani, hili ndilo ambalo siwezi kulijadili kwa upole.

Ndugu mdogo alikataa kwa adabu. Alimwomba yule bwana badala yake sahani zake mbili za plastiki za kujinasulia, zile za kutandika chini ya matairi yaliyozama, akapewa, na pamoja na mbili zao zikawa nne. Huo ulikuwa msaada wa kweli.

Kulifungua trela

Watu huchelewa kulifungua trela kana kwamba kulifungua ni kushindwa. Wanachimba chini ya matairi sita wakati wangechimba chini ya manne. Kwa maoni yangu, trela lifunguliwe mara tu jaribio la kwanza la kutoka likishindwa, kabla shimo halijafika kwenye ekseli na kabla mkono wa trela haujajikunja.

Kulifungua mchangani kuna utaratibu wake. Walivuta breki ya mkono ya trela na kuweka mawe nyuma ya magurudumu yote mawili, kwa sababu lilikuwa mteremkoni na likishachimbuliwa linaweza kutembea. Kigurudumu kidogo cha mbele, kile cha kulisimamishia trela, hakisimami juu ya mchanga: kinazama mara kinapobeba uzito. Wakakitandikia kipande kinene cha ubao, kipana kama sinia. Minyororo ya usalama ilifunguliwa mwisho, baada ya kuhakikisha uzito umekaa juu ya ubao na hakuna mtu aliyeweka mguu chini ya mkono. Kigurudumu hicho kina kosa lake jingine. Njia nzima kilikuwa kimeachwa kimening'inia chini ya mkono badala ya kugeuzwa juu au kutolewa, na kilikuwa kimelima mstari katikati ya mifuo kilomita sita mfululizo.

Kisha beleshi. Mchanga uliondolewa mbele ya matairi ya pikapu kwa mteremko mrefu wa kulala, si shimo la wima, na chini ya difu ya nyuma, ambako chuma kilikuwa kimekaa juu ya mchanga na kunyanyua uzito kutoka kwenye matairi. Upepo ukashushwa tena hadi psi 16. Pikapu, gia za chini, mfumo wa kuzuia kuteleza umezimwa, ilitoka kwa mara ya kwanza na kufika juu kana kwamba hapakuwa na kilima.

Walichofanya baadaye ndicho ninachokisifu kuliko vyote. Hawakurudi mbio kulifunga trela. Walipakia jenereta, madumu na sehemu kubwa ya maji kwenye pikapu, wakavipeleka juu na kuvishusha. Wakashuka na kupanda tena, wakifuata mifuo ileile. Kila gari lenye matairi laini linapopita, mchanga unakandamizwa kidogo na ukinzani unapungua, hasa kati ya mara ya kwanza na ya pili. Walikuwa wanajijengea barabara kwa gharama ya mafuta kidogo. Wakati huohuo mdogo alikuwa na kipimo cha upepo mkononi, akiyashusha matairi ya trela hadi 16, kisha akachimba mbele yake na kuweka sahani mbili.

Mashimo ambayo pikapu ilikuwa imechimba yalijazwa na kushindiliwa kwa miguu, sahani mbili nyingine zikawekwa mahali matairi ya nyuma yangesimama. Pikapu ilirudi rivasi hadi kwenye trela, ikafungwa, kile kipande cha chuma cha breki kikageuzwa, breki ya mkono ikaachiwa, mawe yakaondolewa. Namba ya pili ya gia za chini, mafuta taratibu, usukani umenyooka. Trela lilipanda juu ya sahani zake, likashuka upande wa pili wa sahani bila kuzama, na halikusimama hadi kileleni.

Je, wangevuka na maji na jenereta vikiwa ndani? Nadhani ndiyo. Uzito ulisaidia, lakini kilichobadilika sana ni upepo. Vivyo hivyo na saa ya safari: asubuhi mchanga wenye unyevunyevu hushikana, na saa nane umekauka na kutawanyika, kwa hiyo kuondoka mapema kungewapa nafuu. Ila watu hupenda kulaumu jua. Kwa psi 18 kwenye matairi sita, kilima kile kingepandika hata mchana.

Kilomita zilizobaki, na kurudi kwenye ugumu

Psi 16 si upepo wa kukimbilia. Walikwenda chini ya kilomita 30 kwa saa na kukata kona kwa upana, kwa sababu tairi laini likikatwa ghafla huweza kuchomoka kwenye rimu, na tairi la trela likichomoka dereva huwa wa mwisho kujua. Walipimia tena njiani. Tairi likipata joto upepo hupanda, kama psi 1 kwa kila nyuzi joto 10 kwenye upepo mdogo kama huu, kwa hiyo kipimo cha saa nane si cha saa kumi.

Walipotoka siku ya pili na kufika kwenye changarawe, walijaza matairi yote sita kabla ya kuongeza mwendo na kukirudisha kile kipande cha chuma, maana kikiachwa trela halina breki. Kisha dereva alifanya kitu kimoja ambacho ningemtaka kila mwenye breki za msukumo akifanye baada ya siku kama ile. Baada ya mwendo mfupi alisimama na kuweka kiganja karibu na vitovu vya magurudumu ya trela, kimoja baada ya kingine. Cha kulia kilikuwa vuguvugu. Cha kushoto hakikushikika kwa joto. Mchanga ulikuwa umeingia ndani ya duara la breki wakati gurudumu limefungwa na kuburutwa kinyumenyume, na kiatu kimoja kilikuwa hakirudi. Wakalipiga jeki palepale, wakafungua, wakapangusa mchanga kwa brashi kavu na kulizungusha gurudumu kwa mkono hadi likawa jepesi.